Mkilua Usioachwa Kuzaa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisikia jembe kabla sijamwona aliyelishika. Ngo! Kimya. Ngo! Chuma kilikuwa kikigonga tumbawe nyuma ya ukuta wa shangazi yangu, Bi Zena, pale Malindi mjini, na mlio wenyewe haukuwa wa mtu anayelima. Jembe la mkulima huwa na mwendo wake. Huyu alipiga, akangoja, akapiga tena, kama anayemwita mgonjwa asiyeitika.

Nikapita uani. Shangazi alikuwa amepiga magoti penye shina la mkilua, leso imemwangukia mabegani, vumbi jeupe hadi viwikoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Vua viatu uje ushike upande huo. Usiniulize kitu."

Sikuuliza kwa kuwa nilijua. Mumewe alikuwa amefariki, wanawe wa mke wa kwanza wakarithi nyumba, nao wakaiuza. Aliyeinunua alitaka kujenga vyumba vya wageni mpaka kwenye ukuta, kwa hiyo uani kote kungechimbwa. Shangazi alikuwa ahamie kwetu siku ileile, chumba cha nyuma. Vyombo vyake vilikwishapangwa kwenye mkokoteni. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimeshikwa na ardhi.

Huenda hujauona mkilua, mwanangu, wala sikulaumu. Ni mti mfupi, mgumu, wa majani mazito, usio na haraka. Ukiupanda ungali msichana, pengine utachuma ua lake la kwanza ukiwa mama. Ua lenyewe, kilua, ni la manjano iliyofifia, halimsimamishi mpita njia kama boganvilia. Lakini litie kwenye pindo la leso uingie chumbani, watu wataacha mazungumzo wageuke. Hapakuwa na bibi harusi mtaani petu aliyetolewa bila kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, chenye vilua vya Bi Zena kati ya asumini na mrehani. Mimi ndiye niliyetumwa kuchuma. Nilipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa nikifikie hata kile kilichojificha. "Usiache hata kimoja," tuliambizana wasichana, "kisije kikaozea mtini bure."

Basi tulichimba. Mzizi ulikuwa umeingia katika ufa wa tumbawe ukalikumbatia, na kila tulipovuta tuliuchuna ngozi tu. Tukiwa katika hali hiyo akaingia Salimu, mmoja wa wale wana, amekuja kuchukua ufunguo.

"Mama, mti ni mti," akasema. "Nenda barabara ya Mambrui, miche imejaa kando ya njia. Nitakununulia hata mitatu."

"Hewala, Salimu. Na mke ni mke. Mwache wako hapa, ukaokote mwingine njiani."

Mimi nilicheka. Salimu naye alitaka kucheka, akaona uso wa shangazi, akaenda kusimama mlangoni. Shangazi alikwishaliweka jembe chini.

Hapo nikasema neno nililodhani ni la busara. "Basi, shangazi, tuchukue mbegu tukazipande kwetu."

Akanitazama.

"Mbegu? Rukia, umewahi kuliona tunda la mti huu?"

Nilifikiri. Sikuwahi.

"Hukuliona kwa kuwa ua likichumwa halizai. Kila mwaka nilisema, mwaka huu tawi la upande wa kisima lisiguswe. Akaja bibi harusi analia, nikampa. Akaja mwingine. Niliona haya kumnyima mtu ua, mwanangu. Nikaunyima mti mtoto."

Tulikata vijiti vya matawi yake, maana hatukuwa na jingine la kufanya. Nilivipanda kwetu katika makopo ya samli, nikavitafutia kivuli, nikavinywesha maji ya mvua kwa kikombe kwa sababu kisima chetu kilikuwa na chumvi. Vikakaa kijani, vikanidanganya. Kisha vikaanza kuwa vyeusi kutoka nchani, kimoja kimoja. Shangazi alivitazama kupitia dirisha. Kilipokufa cha mwisho, hakupanda tena kitu, hata mrehani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Nami niliona kwa macho yangu: ndiye mjukuu pekee aliyekaa naye uzeeni.

Nimeutafuta mti huo tangu hapo. Nimeuliza Mambrui, nimewauliza wakulima wa Tezo, nimechungulia bustani za Bofa zenye boganvilia za kila rangi. Wapo wanaoniambia mkilua ungaliko msituni. Labda. Mimi sijaupata, na miguu yangu haifiki tena huko.

Sasa sikia. Nawe una bustani yako, na naona unavyoifurahia asumini yako ukaichuma yote kabla jua halijapanda. Usichume yote. Akiba haiozi, lakini akiba ya ua huonekana kama uzembe: ni lile lililoachwa likanyauka mtini, na jirani akakucheka. Mwache acheke. Anayeomba mpe, ila tawi moja lisiguswe na bibi harusi wala na wewe mwenyewe. Na mche mpe jirani ungali nao wa kutoa, ili wako ukifa ujue pa kwenda kuomba. Usingoje siku ya kuhama. Sikwambii kwamba haya yatakuzuia kulia. Mimi niliyajua mti ukiwa umeshapotea, wala hayajanirudishia hata jani.

Mola akupe ardhi isiyouzwa ungali hai. Akupe mvua ya kiasi. Akujaalie ulione tunda la ulichokipanda, si ua lake tu. Dua hii si yangu. Ndiyo aliyoniombea shangazi siku ile pale uani, mkono wake wenye udongo juu ya kichwa changu. Kisha akajifunga leso, akamkabidhi Salimu ufunguo, akatoka bila kugeuka. Mkilua ulibaki ndani, mizizi wazi, umechanua. Salimu akaufunga mlango nyuma yetu.