Sentimita Moja na Nusu za Lulu

Iko asubuhi moja ambayo kila nikiikumbuka huwa naacha ninachokifanya, mwanangu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya marumaru, ghorofa ya kumi na tisa, Jumeirah Lake Towers, Dubai, nimeshika kipimo cha chuma, na mbele yangu amesimama mbwa jike mwembamba kama swala. Nilikisoma kile kipimo mara tatu. Kisha nikamwambia bosi wangu uongo.

Nakueleza haya kwa kuwa nasikia unajiandaa kusafiri kwenda kutafuta kazi. Wengine watakufundisha habari za viza na mikataba. Mimi nina hili moja tu, na nimekaa nalo miaka mingi bila kumwambia mtu.

Watu wakizungumzia makosa ya ujana, humfikiria mtoto wa miaka kumi na minane. Mimi nilikuwa na thelathini na mbili nilipotoka Tanga, tena nikijiona mtu mzima. Nilipata kazi kwa mama mmoja wa Kiingereza niliyemwita Madam kama walivyomwita wote, na mumewe ndiye aliyekuwa kafeel wangu, yaani mdhamini wa viza yangu. Kazi yangu ilikuwa mbwa. Walikuwa nao wawili, wa aina iitwayo wipeti, mbwa wa mbio wenye miguu mirefu, tumbo lililobonyea na ngozi laini kama kitambaa cha hariri. Walinzi wa Kipakistani pale chini walikuwa wakiniuliza kama yule mdogo ni mtoto wa saluki, mbwa wa mbio wa Waarabu, na wengine waliniuliza kwa nini hatumlishi. Ndivyo walivyo wipeti, hata wakishiba mbavu zinaonekana.

Yule mkubwa alikuwa dume, mzee, kazi yake kulala. Mdogo alikuwa jike, jina lake Pearl. Mimi nilimwita Lulu, na ndilo jina aliloliitikia haraka zaidi.

Sasa mimi ni Mwislamu, na niliishi mtaa wa Al Mankhool na Waislamu wenzangu watano kwenye chumba kimoja, Watanzania na Wakenya. Hawakunitukana hata siku moja. Ila nilipofika kutoka kazini, nguo za kazi zilikaa kwenye mfuko nje, nilioga kwanza, nikajitwaharisha kama inavyotakiwa, na bado nilipokaa kwenye sinia mtu wa kulia kwangu alisogea kidogo. Alifanya hivyo bila kukusudia, nadhani. Baada ya miezi michache nikaanza kupakua chakula changu kwenye sahani yangu na kula nikiwa kitandani, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nadhani waliona afadhali.

Mwaka wa kwanza haujaisha, mama yangu akafariki. Habari zilinifikia kwa simu asubuhi, nikiwa kando ya ziwa la kutengenezwa lililo chini ya jengo letu la kazini, natembeza mbwa kabla jua halijachoma mawe. Nilikaa kwenye benchi. Sikulia, nilikuwa tu sijui pa kuiweka mikono yangu. Lulu akaja akaweka kidevu chake juu ya goti langu, akatulia hivyo mpaka niliponyanyuka. Wenzangu wa chumbani walinisomea hitma Ijumaa ile, Mungu awalipe. Lakini sikuweza kwenda kumzika, na aliyekaa nami saa ile alikuwa mbwa. Nakueleza hili ili uelewe kilichofuata, usije ukadhani nilikuwa mtu katili.

Madam alipenda mashindano. Huko mbwa hawashindani kwa kukimbia wala kupigana. Wanasimamishwa mbele ya mwamuzi, anawatazama na kuwapapasa, na kuona nani amekaribia zaidi ile kanuni iliyoandikwa ya aina yake. Kanuni ya wipeti inasema jike awe na urefu wa sentimita arobaini na nne hadi arobaini na saba, kutoka ardhini mpaka juu ya mabega. Madam alikuwa nayo kwenye karatasi, ameibandika mlangoni mwa stoo. Sikuwahi kusoma zaidi ya mstari huo wa urefu, kwa sababu ndio uliozungumzwa nyumbani kila siku.

Lulu alikuwa anaendelea kukua. Kila nikimfunga kamba niliona mgongo wake umekaribia mkono wangu zaidi. Siku moja Madam akasema, kwa upole kabisa, huku akinywa chai, "Yusufu, jengo hili linaruhusu mbwa wawili tu. Pearl akizidi kipimo, nitamtafutia watu wema wa kumchukua, niagize mwingine. Utanipimia kesho?"

Ndiyo asubuhi ile niliyoanza nayo. Kipimo kilisema arobaini na nane na nusu. Madam alikuwa jikoni, akaniuliza kwa sauti, ngapi? Nikamjibu, "Arobaini na saba kamili, Madam." Akashukuru, akaandika, akaendelea na mambo yake. Hakuja kutazama. Aliniamini, na hilo ndilo lililoniuma baadaye zaidi kuliko kama angenikagua.

Ningeachia hapo, pengine yangepita. Lakini wiki chache kabla ya mashindano ya Februari wakatoa taarifa kwamba mwamuzi wa mwaka huo angepima urefu wa kila mbwa. Madam hakushtuka, kwa kuwa alijua mbwa wake yuko sawa. Aliyekosa usingizi ni mimi.

Nikapata wazo. Nikafikiri, sentimita moja na nusu ni kitu kidogo, mtu akiinama kidogo tu inapotea. Basi nitamfundisha Lulu kuinama. Kila asubuhi tukitoka kutembea nilimpeleka kwenye chumba cha kufulia, nikafunga mlango. Nilimsimamisha, nikashusha kijiti cha kipimo juu ya mabega yake, na hapo hapo nikambonyeza kwa kidole gumba penye mshipa, mpaka anywee. Asiponywea nilimkaripia kwa sauti ya chini, karibu na sikio. Akinywea nilimpa kipande cha nyama. Siku tatu za kwanza alidhani ni mchezo. Siku ya nne akaacha kutikisa mkia. Kufikia wiki ya pili sikuhitaji kumbonyeza tena. Nikiinua mkono tu juu yake, alishuka.

Nilifurahi, mwanangu. Nilidhani nimemwokoa.

Pale nyumbani alikuwepo mama mmoja wa Uganda, anaitwa Robinah, mfanyakazi wa ndani, ana miaka zaidi ya kumi Dubai, na sote tuliomkuta tulimheshimu. Asubuhi moja alifungua mlango wa chumba cha kufulia ameshika kikapu cha mashuka, akatukuta.

"Yusufu, unamfundisha nini huyu?"

"Namfundisha kusimama, Mama."

"Kusimama gani huku. Huyu anakuogopa."

Nikamweleza yote. Nikamwambia akizidi kipimo ataondoka, nami nataka abaki. Robinah akaweka kikapu chini.

"Abaki na nani?" akasema. "Na wewe huyu? Yule Yusufu aliyekuwa anampenda ameshaondoka, ssebo. Mimi namuona kila asubuhi. Ukichukua kamba, anaingia chini ya meza. Kwani wewe huoni?"

Nilikuwa naona. Nilikuwa nimejiambia kwamba ana usingizi.

"Mwambie Madam ukweli," akasema. "Hajawahi kumpiga mtu hapa. Mwambie leo, khalas, iishe."

Nikamjibu inshallah, ile inshallah ambayo mtu huisema akiwa hana nia. Zimebaki siku sita, nikafikiri, nikishaanza nimalize. Robinah akachukua kikapu chake akaenda zake. Tangu siku hiyo alizungumza nami mambo ya kazi tu.

Mashindano yalikuwa kwenye uwanja wa majani, asubuhi yenye ubaridi mzuri. Mwamuzi alikuwa mama mzee, nywele nyeupe, miwani imefungwa kamba shingoni. Madam alimwongoza Lulu mwenyewe, mimi nikasimama nje ya kamba nimebeba maji na taulo. Kipimo kilipokuja, kijiti kikashuka, na Lulu akanywea vizuri kama nilivyomfundisha. Arobaini na saba. Nikapumua.

Kisha mwamuzi akaweka kipimo pembeni, akanyoosha mkono wake ili amkague.

Lulu alishuka. Hakushuka sentimita moja na nusu. Alishuka mpaka tumbo likagusa majani, mkia akaubana katikati ya miguu, akajikojolea. Madam akajaribu kumsimamisha, na kila mkono wake uliposogea mbwa alizidi kujikunja. Mwamuzi akarudi nyuma hatua mbili, akauliza kwa utulivu nani anamtunza mbwa huyu kila siku. Madam akanionyesha mimi.

"Njoo," mwamuzi akaniambia. "Mwite."

Nikaingia uwanjani. Nikasema, "Lulu." Alinitazama, mwanangu, kisha akalaza masikio na kugeuza uso wake upande mwingine.

Yule mama hakunikaripia. Alikaa chini kwenye majani na nguo zake nzuri, mikono ameiweka mapajani, akatazama pembeni kana kwamba hana haja na mbwa. Ikapita dakika nzima, labda mbili. Lulu akajinyanyua taratibu, akaenda kumnusa begani. Aliposimama sawasawa mwamuzi akaashiria, msaidizi wake akapitisha kipimo kwa nyuma bila mbwa kuona. Arobaini na nane na nusu.

"Amezidi," mwamuzi akasema, akimtazama Madam, halafu akanitazama mimi. "Kuzidi urefu ni kasoro, nami ningeihesabu kama kasoro nyingine yoyote. Umbo lake lilivyo zuri, angeshuka nafasi moja au mbili. Lakini ile kanuni ina mstari mwingine. Inasema wipeti awe mpole, mwenye upendo na mtulivu. Mbwa anayeogopa mkono siwezi kumpa nafasi yoyote. Mpelekeni nyumbani."

Nafasi moja au mbili. Hilo ndilo nililoliogopa miezi yote ile.

Ndani ya gari nilimwambia Madam kila kitu, kuanzia asubuhi ya kipimo. Tukafika kwenye jengo. Akaegesha, akazima gari, akabaki ameshika usukani.

"Nilisema nitamtafutia watu wema," akasema. "Ungeniambia kwamba unampenda kiasi hicho, Yusufu, tungezungumza. Ningeweza kumwacha abaki tu kama mbwa wa nyumbani. Hukuniuliza."

"Na sasa, Madam?"

"Sasa hawezi kubaki na wewe. Wewe mwenyewe unaona."

Hakunifukuza kazi. Mpaka leo sijui kwa nini. Lulu alipelekwa kwa mzee mmoja na mkewe, waliokuwa walimu, wenye nyumba ya chini na bustani. Madam alitaka nimpeleke mimi, nikamkabidhi kwa mikono yangu, na nadhani alifanya vile kwa makusudi. Pale bustanini nikainama kumvua ukanda wa shingoni uliokuwa wetu. Akashuka chini, akafumba macho, akangoja nimalize. Nilimaliza haraka nilivyoweza. Sikumpapasa. Nilitamani sana, lakini kumpapasa kungekuwa kwa ajili yangu.

Nilikaa Dubai miaka miwili zaidi, nikitembea kuzunguka lile ziwa na yule dume mzee anayelala akiwa amesimama. Mara moja nilimuuliza Madam habari za Lulu. Akaniambia anakimbia bustanini, analala kwenye kochi, wale wazee wanampenda. Nikamuuliza kama bado anainama. Akasema, mara moja moja, mkono ukitokea juu ghafla.

Robinah alinisamehe kabla sijajisamehe. Siku ninaondoka alinifungia chapati za njiani, akanishika bega, akasema nitapata wengine wa kuwapenda, na safari hiyo nitajua namna ya kuwapenda.

Nilichokiona ndicho hiki, mwanangu. Utakapokuwa peke yako mahali pa watu, utampata mmoja wa kukupoza moyo. Anaweza kuwa rafiki, mchumba, mtoto wa watu unayemlea, hata mnyama. Utakuwa na hofu ya kumpoteza, na hofu hiyo itakushauri mambo kwa sauti inayofanana na upendo. Usiifuate. Usimbane mtu anywee ili atoshe mahali unapotaka akae. Akiwa amezidi kipimo, mwache azidi, na umwambie ukweli mwenye kipimo, mapema, kabla uongo mmoja haujahitaji wa pili. Uliza. Mara nyingi tunachokiogopa ni kidogo kuliko tunachokiharibu tukikikimbia, na mimi nilikosa kuuliza swali moja tu jikoni. Na mtu mzima akikufungulia mlango akakwambia umekosea, usimjibu inshallah ya kumwondoa. Acha unachokifanya saa ile ile, hata kama zimebaki siku sita.

Nenda salama. Mungu akupe riziki ya halali na wenzio watakaokusogelea kwenye sinia. Akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli na moyo usiouonea haya upweke wake. Na popote utakaponyoosha mkono wako, awe mtu au mnyama, asimame wima bila kukuogopa. Amina.