Chanjo ya Mjukuu na Mtani wa Bibi

Nina hasira za karibu, na mama mkwe wangu anajua. Ndiyo maana siku ya chanjo aliondoka na binti yangu alfajiri, wakaenda kupalilia shamba letu la kule Zombo, mimi nikiwa bado nimelala. Mwalimu alinipigia simu saa nne kuuliza mtoto yuko wapi. Niliyoyasema siwezi kuyaandika hapa.

Binti alikuwa na miaka kumi na minne na miezi kumi na moja. Chanjo ya HPV, ile ya kumkinga msichana na kirusi kinachokuja kuleta saratani ya mlango wa kizazi, shuleni kwetu Kimamba mwisho wake ni miaka kumi na minne. Akifikisha kumi na tano, basi tena. Mwalimu alisema wahudumu wangerudi Alhamisi kuwachoma waliokosa, kisha wangehamia kata nyingine.

Niwe mkweli, kosa lilianza kwangu. Wiki moja kabla, mama mkwe alirudi kutoka mashine ya kusaga na habari kwamba sindano hiyo inafunga kizazi. Aliisikia kwenye simu ya mtu, sauti ya mwanamume ambaye hakujitambulisha ila alikohoa kitaalamu. Nikamweleza habari za kirusi. Akauliza swali la haki kabisa: "Na hicho kirusi kinampataje mtu?"

Sasa, mbele ya mkwe huyu hata neno "mimba" sijawahi kulitamka. Zangu zote nne alizigundua kwa macho. Ningemwambia nini? Nikatazama dari.

"Kwa hewa, mama," nikasema.

"Basi tufunge madirisha," akajibu, na akayafunga kweli. Wiki nzima tuliiva humo ndani kama viazi, na yeye akaona tatizo limekwisha, sindano ya nini tena? Nilimpigia mume wangu, anayeendesha lori la miwa Kidodi. "Mama ni mama," akasema, mtandao ukakatika. Mtandao wa mume wangu hukatika kwa wakati mzuri sana.

Jumatano jioni nikaenda zahanati, nikammwagia nesi yote. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akauliza mkwe wangu ni kabila gani. Nikamwambia ni Msagara.

"Mimi Mnyamwezi," akasema, tayari anatafuta viatu. "Huyo ni mtumwa wangu. Twende."

Hakubisha hodi. Aliingia, akafungua madirisha, akakalia kiti cha mama mkwe na kunywa chai yake. Mtu mwingine angefukuzwa kwa mwiko, lakini mtani hakasirikiwi.

"We mtumwa, nani kakwambia kirusi kinapita dirishani? Kinapita kitandani!" Akaeleza yote, ya mwanamume na ya mwanamke, kwa majina yake kamili. Akasema kizazi hakifungwi, binti yake mwenyewe keshachomwa. Mimi nilikuwa nautazama ukuta. Mama mkwe akacheka, khanga mdomoni, akajibu kwamba Wanyamwezi wanajua ya kitandani kwa sababu kazi nyingine zote ziliwashinda.

"Haya, usimpeleke," nesi akasema. "Saratani ikija kumla, nitakuja msibani. Nani atanizuia? Ni haki yangu. Nitavaa gauni lake, nitalala hapo mlangoni nilie kwa sauti yake, 'Bibi, bibi,' mpaka unipe jogoo."

Kwenye misiba ya kwao watani hufanya hivyo hasa, na watu hucheka huku wanalia. Mama mkwe aliiteremsha khanga mdomoni. Alimgeukia binti yangu, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, akamtazama kwa muda mrefu. Nami nikaogopa, maana mpaka hapo nilikuwa na hasira tu.

Alhamisi mama mkwe alimpeleka shuleni mwenyewe, amemshika mkono mbele ya wenzake, binti akitamani ardhi ipasuke. Nesi yule yule alipomchoma, aliyepiga kelele ni bibi. Wasichana wote walicheka, hata aliyechomwa.

"Jogoo wangu huyo ameponea chupuchupu," nesi akasema.

Mama mkwe alisubiri wasichana wapite, akasogea karibu, akapunguza sauti. "Mtani, mtu aliyekwishakoma siku zake miaka mingi, damu ikirudi, hiyo nayo imo kwenye mambo yako?"

Nilikuwa nyuma yake. Miaka kumi na sita nimeishi naye nyumba moja, nikimpikia, nikimsalimia shikamoo kila asubuhi, na sikuwa najua. Niliumia sana.

Nesi aliweka boksi la sindano mezani. Utani wote ulimtoka usoni.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mfungo," akasema, macho chini, asinitazame.

Tulikwenda hospitali siku hiyo hiyo.