Lukumani Ajitoa kwa Kiingereza

Lukumani bin Yahaya, fundi cherehani wa Tabora, hakuwa mwongo. Mdomo wake tu ulikuwa na tabia ya kumtangulia. Mwaka 1970, kwenye mkutano wa tawi la TANU, watu waliulizwa nani yuko tayari kuhamia kijiji kipya cha Ujamaa upande wa Puge. Wote wakatazama viatu vyao. Lukumani, aliyevaa suti aliyoishona mwenyewe na ambaye hakutaka ipite bure, akasimama na kutangaza kuwa yeye atakuwa wa kwanza. Walimpigia makofi mpaka akajiona amekwisha kuvuna.

Alipofika nyumbani ndipo akakumbuka kwamba hajawahi kushika jembe.

Jioni alikuwa akisoma Kiingereza katika darasa la watu wazima, kwa Mwalimu Tekla. Wiki ileile Tekla aliandika ubaoni: back out. Lukumani akanyoosha kidole, akaeleza kuwa ni kutoka kinyumenyume, kama watu walivyokuwa wakimuaga mtemi. Tekla akasema huko nako kupo, lakini mara nyingi maneno hayo yakiandamana huwa na maana ya kujitoa katika jambo ulilokwisha kulikubali. Aliyekataa tangu mwanzo hahusiki. Lazima kwanza uwe umeahidi. Ukitaka kulitaja jambo lenyewe, unaongeza of, kisha unalitaja: harusi, safari, biashara.

Lukumani akauliza kama neno hilo lina aibu.

"Kidogo," Tekla akasema. "Ndiyo maana Waingereza hulisema haraka."

La aibu halikumwingia. Kilichomwingia ni kwamba Kiingereza kina njia ya kistaarabu ya kuogopa. Kesho yake akaenda kwa Bundala, balozi wa nyumba kumi, akakohoa, akasema, "I am backing out of the village." Bundala, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, alilidaka neno la mwisho tu, la kijiji. Akamkumbatia, akamwandika kuwa msemaji wa wanaohama.

Jumamosi lori likaja. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa amefunga vyombo tangu Alhamisi. Miaka tisa ya kupanga chumba kimoja na kugombania kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imemtosha, na shamba alilitaka kuliko alivyowahi kutaka khanga. Lukumani akamvuta kando, akamweleza yote.

"Basi mwambie balozi kwa Kiswahili," Mwanahawa akasema. "Mimi napanda."

Akapanda kweli. Cherehani ilikuwa tayari juu, imefungwa kwa kamba. Lukumani akaitazama, akautazama umati, akapanda naye.

Miezi mitatu alilima karanga, mikono ikamchubuka hata sindano haikushikika. Hatimaye, mbele ya kijiji kizima, alisimama bila suti.

"Jamani, najitoa shambani. Nilijisifu tu. Kulima sijui."

Walicheka mpaka mwenyekiti akalazimika kukaa. Kisha mama mmoja akauliza kama fundi anaweza kushona sare za shule, maana watoto walikuwa wakisoma na matako nje. Wakampa kibaraza cha ghala. Mwanahawa alibaki shambani, na mwaka uliofuata wanaume watu wazima walikuwa wakienda kumwuliza siku ya kupanda mpunga.