Blanketi la Pili la Nyanya

Mama alipohama Kaloleni kwenda kuishi na kaka yangu, mimi ndiye niliyeachiwa kazi ya kutoa vitu nyumbani. Wewe unazijua nyumba zile za mawe, chumba kimoja na jiko, na mali ya vizazi vitatu imesukumwa chini ya vitanda. Nilivuta masanduku, nikavuta sufuria zisizo na mifuniko, na nyuma kabisa, karibu na ukuta, nikakuta gunia lililoshonwa mdomo. Nililijua kabla sijaligusa. Nyanya mwenyewe ndiye aliyelishona, mimi nikiwa nimesimama mlangoni na sare ya shule, na tangu siku ile hakuna mtu aliyewahi kulifungua.

Nililifumua kwa kisu cha mboga. Ndani mlikuwa na mablanketi yake ya viraka, yote hayajakamilika. Mengine hayakuwa na bitana, mengine hayakuwa na pindo, mengine yalikuwa bado vipande vilivyofungwa kwa uzi kama maua. Harufu ya moshi wa makaa ilinipanda puani, na pamoja nayo ikanipanda hasira niliyokua nayo kama watu wengine wanavyokua na kovu. Sitakudanganya kwamba nililia. Nilikaa kitandani nikasema kwa sauti, peke yangu, "Haya. Sasa ni zamu yangu."

Lakini ngoja kwanza nikurudishe nyuma, ujue ni hasira gani hii.

Nyanya alikuja Nairobi kutoka magharibi akimfuata babu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Babu alipofariki, nyanya alibaki na sindano. Jirani yetu mmoja alifanya kibarua kwenye kiwanda cha nguo kule Industrial Area, na jioni king'ora kikishalia, alikuwa akipita kwetu na mfuko wa mabaki ya vitambaa yaliyotupwa sakafuni. Nyanya alimpa uji na viazi vitamu, naye akamwachia mfuko. Kazi yangu ilikuwa kuupindua mfuko kwenye mkeka na kupanga vipande kwa rangi: vya kijani huku, vyeupe huku, vya maua pembeni. Mpaka leo nikifumba macho nahisi vidole vyangu vikipita kwenye vitambaa vipya, vigumu kidogo, vyenye harufu ya mashine.

Halafu nilimtilia uzi kwenye sindano, maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Aliniambia, "Uzi mrefu ni wa mvivu, mwanangu. Kata mfupi, utie tena." Alishona akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, miguu imenyooka, pasi ya makaa ikipashwa moto kando yake. Maharagwe yalitokota jikoni. Watoto walipiga mpira wa makaratasi uwanjani, na mpira ukimwangukia nyanya mapajani aliurudisha kwa mkono wa kushoto bila kuinua macho.

Yeye ndiye aliyewakusanya akina mama wa mtaa na kuwafundisha. Walikutana kwenye ukumbi wa mtaa kila Jumamosi, wakashona mablanketi ya watoto wachanga waliozaliwa na akina mama wasio na kitu, na ya watoto yatima. Walileta mandazi na birika kubwa la chai ya tangawizi. Sisi watoto tulijificha chini ya meza ndefu, tukisikiliza mambo ambayo hatukupaswa kusikia. Nyanya hakuwa mtu wa kusimama mbele na kuongea, kwa hiyo walichagua mwenyekiti. Alikuwa mke wa karani mmoja wa halmashauri, mwanamke mrefu, mwenye sauti nzuri na viatu vya kung'aa. Tulimwita Mama Mwenyekiti, na nitamwita hivyo hapa pia, maana jina lake halistahili kukaa kinywani mwangu.

Mwaka ule ilitangazwa kwamba wageni wakubwa watakuja kuona kazi ya akina mama wa Kaloleni. Nyanya alikuwa akishona blanketi ambalo mtaa mzima ulikuwa ukilizungumzia. Lilikuwa la manjano, manjano ya kila aina, kuanzia ile ya yai hadi ile ya majani makavu, na vipande vilianzia katikati vikapanuka kuelekea pembeni, kama kitu kinachofunguka. Lilimchukua msimu wote wa mvua. Alipolimaliza, Mama Mwenyekiti alikuja akasema, "Nipe nilipeleke ukumbini, mama, nilipige pasi vizuri, nilitundike ukutani." Nyanya alimkabidhi kwa mikono miwili.

Siku ya wageni tulivaa nguo za Krismasi. Blanketi la manjano lilikuwa limetundikwa mbele, na kila aliyeingia alisimama. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akauliza ni nani mwenye mikono hii. Mama Mwenyekiti alitabasamu, akaweka mkono kifuani na kusema, "Ni mimi. Nimelishona mwenyewe, na nimewafundisha hawa wote."

Ukumbi ulipiga makofi. Wenye kujua ukweli nao walipiga, wakitazama sakafu. Nilimtazama nyanya, nikaona ameinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyeiba. Nikapanda juu ya benchi nikapiga kelele, "Mwongo! Hilo ni la nyanya yangu! Nilimtilia uzi mimi!"

Mama Mwenyekiti hakubabaika hata kidogo. Alimgeukia nyanya, akasema kwa upole wa kuchoma, "Mama, ndivyo unavyolea? Mbele ya wageni? Simama uombe msamaha."

Na nyanya alisimama. Nyanya yangu, aliyewashikisha sindano wote waliokuwa mle, alisimama na leso yake imekunjwa mkononi, akasema, "Mtoto wangu amekosa adabu. Nimekosa mimi. Naomba mnisamehe." Kisha akanishika mkono tukatoka. Wageni waliondoka na lile blanketi kama zawadi. Nyanya hakupelekewa hata mandazi. Juma lililofuata alikusanya kila kitu alichokuwa ameanza, akakitia kwenye gunia, akalishona mdomo. Hakushika sindano tena hadi alipofariki. Hata kifungo cha sare yangu kikikatika, mama ndiye aliyekishona.

Sasa unaelewa kwa nini sikulia nilipofungua gunia.

Mimi nina duka la mapazia Buruburu, kwa hiyo kushona nakujua. Nilipofika chini ya gunia, nilikuta kitu kilichonifanya niinuke kitandani. Nyanya alikuwa na tabia ya kukata kila kitambaa mara mbili, cha kutoa na cha kubaki nyumbani, na pale chini palikuwa na blanketi la pili la manjano. Vitambaa ni vilevile na mpango ni uleule, ila limeishia nusu. Ndugu wa lile lililoibwa alikuwa amelala gizani chini ya kitanda miaka yote hiyo.

Nilienda kwa jirani wa mlango wa pili, bibi mmoja aliyekuwa katika kile kikundi. Nilimuuliza kama Mama Mwenyekiti bado yupo.

"Yupo," akanijibu. "Anatembea kwa mkongojo, lakini yupo. Na ile picha aliyopigwa na wageni bado ameitundika sebuleni."

"Basi tutashona tena," nikamwambia. "Ukumbini, Jumamosi. Tumalize kazi ya nyanya, tuwape watoto."

Akaniuliza, "Mwanangu, wewe unatafuta watoto au unamtafuta mtu?"

"Yote mawili, mama." Sikuona sababu ya kumficha.

Walikuja wachache. Bibi jirani alikuja, wakaja pia wasichana wa mtaa waliosikia kwamba kuna chai. Msichana mmoja wa kusuka nywele alishika sindano kama anayeshika nyoka, akasema, "Auntie, hii kazi ni noma. Si tutumie mashine tumalize haraka?"

"Hapana. Aliyeanza alishona kwa mkono."

"Sawa basi, lakini nikijidunga ni juu yako."

Tulicheka, na nakiri kwamba saa zile zilikuwa tamu. Mapindo yalifungwa, bitana zikaingia, mablanketi yakaanza kurundikana mezani. Lile la manjano sikumpa mtu mwingine. Nililishona mwenyewe dukani, na kila nilipovuta uzi nilimwona nyanya akisimama na leso yake. Watu husema kazi ya mikono hutuliza moyo. Wangu haukutulia. Kila mshono ulinikumbusha yale makofi.

Tulipokuwa karibu kumaliza, Mama Mwenyekiti alimtuma mjukuu wake, akaja kwa heshima zote. "Shikamoo, auntie. Cucu anauliza kama anaweza kuja kusaidia. Anasema yeye alikuwa mwenyekiti wa hii kitu kitambo."

"Mwambie kushona tumeshamaliza," nikamjibu. "Lakini aje siku ya kuyatoa. Mwambie nimemwekea kiti cha mbele kabisa."

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Walikuja walezi wa makao ya watoto, wakaja wauguzi, wakaja wazee wa mtaa waliokuwa wamesikia tu habari. Blanketi la manjano nililitundika asubuhi, mbele, mahali palepale, nikalifunika kwa shuka jeupe. Mama Mwenyekiti aliingia akishikwa mkono. Alikuwa amepungua sana, lakini viatu vyake bado viling'aa. Alipoketi, nilivuta shuka.

Wazee waliguna. Yeye alitazama, akatoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hili limetoka wapi?" akauliza. Sauti yake bado ilikuwa nzuri.

"Limetoka chini ya kitanda cha nyanya yangu," nikasema kwa sauti ya kufika mlangoni. "Ni la pili. La kwanza unalijua wewe. Hebu waambie watu hawa nani alilishona."

Mjukuu wake alianza kuinuka, "Auntie, si poa, huyu ni mzee," lakini Mama Mwenyekiti alimshika mkono akamketisha. Nilidhani atakana, na moyoni nilikuwa nimejiandaa kumvunja kwa maneno mbele ya kila mtu. Halafu alijiinua kwa mkongojo wake.

"Alilishona nyanya yake huyu," akasema. "Na lile pia. Mimi nilikuwa nimeshona langu, likatoka vibaya, nikaona aibu kulionyesha. Wageni walitaka kumwona mwenyekiti akiwa hodari."

"Na yeye ulimwambia afanye nini?"

Alinitazama. Alijua ninachotaka. "Nilimwambia asimame aombe msamaha."

"Nawe umeshasimama."

Bibi jirani alikuwa akinivuta sketi, akininong'oneza kwamba inatosha. Sikumsikiliza. Nilisubiri. Na yule mwanamke akasema, mbele ya watoto na wauguzi na wasichana wetu waliobaki midomo wazi, "Nimekosa mimi. Naomba mnisamehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Nilimshukuru kwa kichwa kama mtu anavyoshukuru kwa chenji, nikageuka kugawa mablanketi. Nikuambie ukweli, rafiki yangu? Ilikuwa tamu. Nilikuwa nimeingoja tangu siku ile niliposimama juu ya benchi, na ilikuwa tamu kuliko nilivyofikiria. Lile la manjano nililitoa pia, likaenda makao ya watoto, ili asipate kulitazama tena hata akitaka.

Watu walipokuwa wakitoka, nilimkuta mlangoni, amesimama peke yake akimngoja mjukuu. Nilitaka kumpita. Akasema polepole, "Nyanya yako alilipa jina, lile blanketi. Aliniambia siku aliponikabidhi. Alikuwa na furaha sana siku hiyo. Alikuambia wewe?"

Nilisimama. Sikuwahi kuambiwa. Sikujua hata kwamba alikuwa akiyapa majina.

"Nikuambie?" akauliza.

Alikuwa ananipa kitu, nami sikutaka kuona mkono wake ukinipa kitu chochote. "Sitaki chochote kutoka kwako, mama," nikasema, nikatoka nje kwenye jua.

Wiki chache baadaye watoto wake walimpeleka mashambani, na kabla ya mvua kuanza tukasikia kwamba amefariki. Nilimuuliza bibi jirani kama anajua jina hilo. Hajui. Nilimuuliza mama yangu. Hajui. Wengine wa kikundi kile wamekwisha kuzikwa, kila mmoja kwao. Kiwanda kilichokuwa kikitupa vitambaa sasa ni ghala, na king'ora hakilii. Ukumbi umerudi kukodishwa kwa mikutano na harusi, na wasichana wetu wamerudi kwenye kazi zao.

Usinielewe vibaya. Sijamsamehe, na kama siku ile ingerudi kesho, ningevuta lile shuka tena, tena kwa nguvu zaidi. Lakini kuna asubuhi nikiwa dukani, kabla wateja hawajafika, nashika kitambaa cha manjano na kujaribu majina. Najaribu Asubuhi. Najaribu Mavuno. Najaribu jina la kwao nyanya, na jina langu mwenyewe. Hakuna hata moja linalokaa.