Jumuiya Ilipofika Kwangu

Siku ile Baraka, mdogo wangu, alikuwa anaezeka banda la kuku huku akiimba besi ya kwaya, tena anaiimba vibaya. Nikamwambia kuku wenyewe watahama. Akacheka, akazidisha sauti. Tulikuwa kijijini kwetu, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na nilichokuwa nawaza ni mboga ya mchana tu.

Kabla jua halijafika utosini, bunduki zikaanza kulia upande wa soko. Mama alitangulia na majirani. Mimi na Baraka tukabaki nyuma kufunga mizigo, kisha tukaifuata njia ile ile.

Mbele kulikuwa na kamba, imekatiza barabara.

Wanaume huku, wanawake kule.

Askari mmoja, kijana wa rika letu, mwenye kovu la moto shingoni, alimtwika Baraka sanduku la risasi.

"Atarudi kesho," akaniambia.

Hakurudi.

Nilimkuta Mama ufukweni, tukavuka ziwa, tukaishi kambi ya wakimbizi miaka mingi, mwisho tukafika Dar. Sasa nashona nguo Kariakoo, na tumepanga chumba na sebule mtaa wa Gerezani. Mama alikataa katakata Baraka kuombewa misa ya marehemu. "Marehemu gani? Mwanangu kachelewa tu," alikuwa akisema, na kila jioni alimwekea ugali wake chini ya kawa. Padri alishajaribu kuzungumza naye, akachoka yeye.

Jumuiya yetu ya kanisa husali kila Jumamosi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mwaka jana alijiunga mgeni, muuza spea hapo Gerezani, anaitwa Elia. Siku ya kwanza aliinama kuokota kitabu cha nyimbo, kola ikashuka, nikaliona lile kovu.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini mimi nina udadisi wa kuzaliwa. Mama husema hata kaburini nitauliza nani kalala jirani. Nikaona nikimpigia kelele atatoroka, na habari za Baraka zitatoroka naye. Basi nikawa namchunguza. Nilitaka kujua mtu wa aina ile anaimba sauti gani, chai anatia sukari vijiko vingapi, na kwenye Baba Yetu anafumba macho au la. Anafumba. Ila tukifika "utusamehe makosa yetu," midomo yake haisogei. Ajabu ni kwamba mimi nilikuwa nanyamaza kwenye mstari unaofuata, ule wa kuwasamehe waliotukosea.

Zamu yangu ikafika. Sala ilipoisha na wenzetu kuondoka, nilimwomba abaki. Mama alikuwa mkekani, hajui lolote.

"Kaka Elia, unamkumbuka kijana uliyemtwika sanduku pale kwenye kamba?"

Aliniangalia. Kisha akakaa chini sakafuni.

"Yule aliyekuwa anaimba?"

Mama akainua kichwa.

"Alianguka mlimani, hakuweza kuinuka," alisema Elia. "Nikaamriwa nimmalize. Nikammaliza."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, dada."

Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Mkasi ulikuwa mezani, nikauona, nikautazama kuliko inavyofaa.

Mama ndiye aliyeuliza, taratibu kabisa: "Ulimzika?"

"Wenzangu walipolala nilimfukia kwa mikono, mama. Karibu na mto. Naweza kupaonyesha."

Mama alisogeza pembeni kikombe chake cha chai. Halafu akasema, "Mwanangu, nimekusamehe kwa jina la Yesu. Ila usinitake nirudie kusema hivyo, sina nguvu hizo."

Elia alilia kama mtoto. Mimi sikulia. Nilitoa vikombe.

Misa ya marehemu ikasomwa, Elia naye akaja, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Waliojua habari ile huniuliza kama na mimi nimemsamehe. Jumamosi nyingine ndiyo, tunapeana mkono wa amani. Jumamosi nyingine hata salamu yake inanishinda, narudi nyumbani nikiomba nijaribu tena wiki ijayo.

Kinachonisumbua ni Mama. Miaka yote ile alikuwa na mwana aliyechelewa; mimi, kwa kutaka kujua, nimempa aliyekufa. Siku hizi anazungumza kidogo, na analala mapema. Hajanilaumu hata siku moja. Nadhani kanisamehe, lakini hilo, mimi na maswali yangu yote, sijathubutu kumuuliza.