Nyumba ya Posho

Nilipiga chafya. Nikasema Alhamdulillahi, kama mtu yeyote, na sauti yangu ikatoka sebuleni, ikaenda mpaka jikoni, kisha ikanirudia. Nikangoja kuombewa. Nyumbani kwetu Sur, pwani ya Oman, huwezi kupiga chafya bila ya watu wanne kukuombea rehema kwa pamoja, na mmoja wao akakuuliza kama umelala na nywele mbichi. Pale Ibra hapakuwa na mtu. Nikajiombea mwenyewe, nikacheka, na kicheko nacho kikaenda jikoni kikarudi. Mpaka leo chafya ile naisikia.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, juu ya duka la fundi cherehani, na ndani yake mlikuwa na godoro, zulia, jiko la gesi, friji na mimi. Mume wangu ni askari. Kambi yake iko upande wa Nizwa, na mimi nilikuwa nasoma chuo hapo hapo Ibra. Tulipofunga harusi wakati wa likizo tulidhani mambo ni mepesi: aliyeoa hupewa posho ya nyumba, basi yeye atapewa, mimi nitabaki bwenini na wenzangu, na nikimaliza masomo tutatafuta nyumba.

Karani wa kambini akamcheka. "Mkeo analala wapi?"

"Bwenini, chuoni."

"Basi mkeo ana pa kulala, na wewe una kitanda hapa. Nyumba ya nani nikulipie?"

Ilibidi pawe na nyumba kweli, na mmoja wetu awe anaishi humo. Yeye hawezi kutoka kambini. Nikabaki mimi.

Na nilifurahi, msinione mjinga. Mapazia ya rangi ya zafarani nilikuwa nimeshayaota tangu siku ya posa. Mama yangu ndiye aliyekataa kufurahi.

"Bibi harusi mpya alale peke yake nyumba nzima? Mashetani watasemaje?"

"Mama, mashetani nao wana kazi zao."

"Cheka tu. Nimeshazungumza na msimamizi wa bweni. Kitanda chako anakuwekea mpaka mwisho wa mwezi. Ukishindwa unarudi kwa wenzako, na hiyo posho na ikatike. Nyumba mtapata mbele."

Mashetani hawakuja. Ningewakaribisha hata chai. Kilichokuja ni magharibi, kila siku ya Mungu: wanaume wanatoka msikitini, milango ya magari inafungwa mtaani mmoja baada ya mwengine, na kila nyumba inapata mtu wake. Mimi nilijua kupika wali wa watu tisa. Wa mtu mmoja sikujua unapimwa vipi. Nikapika, nikala, kesho nikaupasha, keshokutwa tena, mpaka nikawa naukimbia kwa macho. Masomo nikiyasoma kwa sauti kubwa, ili mle ndani pawe na maneno.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi ndiyo mume wangu aliyoniahidi kuja. Nilisugua sakafu tangu asubuhi. Alasiri nikawasha makaa, nikafukiza udi: mito, kanzu aliyoiacha, nywele zangu. Moshi bado unapanda, simu ikalia. Likizo zimezuiliwa, wanapelekwa mazoezini.

"Samahani. Wallahi samahani."

"Hapana neno," nikamwambia. "Hapana neno, hapana neno." Nilisema mara nyingi mno.

Sijakaa chini, mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa nyumba ya chini, nyuma ya duka la fundi, mtu mzima, Kiswahili chake kile cha Unguja ya zamani. Ameshika sahani ya bokoboko, ngano na nyama imepondwa mpaka ikalainika, samli inaelea juu. Hakusogea mlangoni. Alisimama kando akitazama ukuta, kwa adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Udi umenifikia mpaka jikoni kwangu, na leo Alhamisi, nikasema bwana kaja. Hiki cha watu wawili. Haya rudi ndani, usimweke mwenzio."

"Bibi, mimi..."

"Nenda, nenda! Kwani mie sikuwa bibi harusi?" Akashuka ngazi anacheka, kajiziba mdomo kwa kanga.

Kwetu sisi udi wa Alhamisi jioni una maana yake, ni usiku wa mke na mume, na kila pua ya mtaani inaijua. Nikafunga mlango na sahani yangu ya wawili, masikio yananiwaka kwa haya. Nikakaa nayo mapajani mpaka samli ikaganda.

Baada ya isha mume wangu akapiga tena, tukaonana kwenye simu. Aliyaona macho yangu.

"Rudi bwenini," akasema. "Namwambia karani aikate posho. Sitaki nyumba inayokuliza."

Yeye, kwa kutaka kunichekesha, akanihadithia kuwa wenzake walimuuliza atakwenda wapi siku likizo zikifunguliwa, kwa mama yake? "Nikawaambia nakwenda nyumbani, Ibra. Wakanicheka! Ibra una nani wewe? Na kweli, nyumba yenyewe nimelala siku mbili tu."

Akacheka. Mimi sikuweza; nilibaki na lile neno lake, nyumbani. "Karani usimwambie kitu bado," nikamwambia.

Ijumaa nikaipeleka sahani chini, nimeitia vitumbua, maana sahani ya mtu hairudi tupu. Nikamwambia ukweli bibi yule: hakuja, udi niliufukiza kabla sijajua. Nilingoja anionee huruma.

"Na bokoboko langu?"

"Limo kwenye friji."

"Alhamdulillahi! Nilidhani umelimwaga. Na udi usiuache. Kwani pua ni yake tu?"

Ndani mwake wakamwita. Mlikuwa na wajukuu, televisheni, harufu ya samaki wa kukaanga. Akaniaga, akafunga mlango. Nikapanda zile ngazi polepole, nikafungua friji, nikalila bokoboko baridi, fungu langu na fungu lake. Kisha nikampigia simu msimamizi wa bweni, nikamwambia kitanda ampe mwengine.

"Una hakika, binti? Sitakuwa na chengine mpaka mwakani."

"Nina hakika," nikasema, na sikuwa nayo yote.

Alasiri nikashuka dukani nikanunua kamba. Juu ya paa kila nyumba ilikuwa na kamba yake ya kuanikia, ila yetu tu. Nguo zangu nilikuwa nikizitundika bafuni, kama mgeni. Nikafunga ncha moja kwenye bomba la tangi, ya pili kwenye chuma cha dishi, nikaivuta kwa uzito wangu wote mpaka ikakaza. Nikaanika gauni moja na mashuka yetu.