Gita la Mwanabibi

Mimi ndiye ninayempigia Mwanabibi ngoma, kwa hiyo nikisema ana kelele, nasema kwa ushahidi. Ni mkulima wa korosho wa hapa Mtua, Nachingwea, mama wa Amna, na ana gita la umeme alilolinunua kwa ufuta wa msimu mzima. Anapenda roki, muziki wa gita kukwaruza na mwimbaji kupayuka. Aliukuta kwenye simu, akanisogezea sikioni.

"Domitila, msikie huyu mama anavyopayuka. Hakuna anayemwambia ashushe sauti!"

Tangu siku hiyo hatujatulia, namshukuru Mungu.

Kosa tulilifanya Ruangwa, siku ya mechi, tukiwachangamsha watu kabla ya mpira. Mwanabibi alipandwa na mzuka, akauchomekea kwenye gita wimbo wa unyago, pamoja na maneno yake yote. Nyimbo zile tunafundishwa ndani, wanawake peke yetu, na mwanamume hatakiwi kuzisikia. Wanaume wakacheza bila kujua wanacheza nini. Wanawake wazima wakaziba midomo kwa kanga. Na mimi, mpumbavu, nikazidi kugonga.

Kesho yake Bi Mwantumu akatuita. Ndiye kungwi aliyetucheza unyago sote wawili, na mwezi Juni ndiye angemcheza Amna. Mwanabibi aliogopa kitu kimoja tu: kuambiwa achague, gita au kusimama na binti yake siku ya kutolewa ndani. Kungwi akikukataa hukanyagi uwanja wa ngoma, hata kama mwali umemzaa wewe.

Tulimkuta bibi anabangua korosho. Hakutukaribisha kukaa.

"Nani kakutuma uchukue mambo ya ndani ukayamwage mpirani?"

"Nimekosa, bibi." Mwanabibi alipiga magoti, machozi yakamtoka. "Nilitaka kusema ya kwangu, nikakuta sina wimbo wa kuyabeba ila huo ulionipa wewe."

Bibi akaendelea kubangua. Nilikasirika kidogo, nikisema moyoni, si aseme tu yaishe.

"Huo unarudi ndani," akasema mwishowe. "Hautoki tena. Lakini ya kwako, mwanangu, tunga. Mie miaka arobaini naimba niliyopewa. Kuna siku nilitaka kupiga yowe tu, sikuona pa kulipigia."

"Na Amna?" Mwanabibi akauliza kwa sauti ndogo.

"Amna si mwanao? Nani mwingine atasimama naye?"

Nilishukuru, maana aliyesamehewa hakuwa Mwanabibi peke yake; na mimi niligonga.

Mwezi Juni Amna akatolewa, amepakwa mafuta anang'aa, mama yake ubavuni. Shughuli ilipokolea, Mwanabibi akavaa gita, tukavuta umeme kwa jirani, akaimba wimbo aliotunga mwenyewe shambani akiokota korosho: sauti hii ni yangu, siishushi. Wanaume walikuwepo, na safari hii hapakuwa na cha kuwaficha.

Bi Mwantumu alikuwa amekaa mkekani, mbele kabisa. Tulipofika kwenye kibwagizo akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaichukua maiki. Akapiga yowe. Refu, halina neno hata moja, limejaa miaka yote ile, na gita likamfuata nyuma. Mikono yangu ikaganda hewani.

Mwanabibi akanigeukia, analia huku anacheka.

"Gonga, Domitila! Bibi hajamaliza!"